Mizunguko Arobaini na Miwili

Vali ya tagi hii imeshika kutu.
Fundi mkuu amenipa spana, kopo la grisi
na onyo: usiivunje, Likungwa, spea hazipo.
Nje, malori ya korosho yamepanga foleni
mpaka geti la bandari ya Mtwara, madereva wanagombea kivuli.
Mimi nimechuchumaa humu chini, ngamani,
nimeshika gurudumu la chuma kwa mikono miwili.
Moja.

Babu yangu Mtepa hakuwa nahodha.
Aliisafiri bahari bila kuiona:
mchochea makaa wa meli iitwayo Kipanga,
mwaka wa vita, kabla gati hili halijajengwa.
Koleo, moto, jasho, koleo.
Picha ya nahodha ipo. Ya babu haipo.
Kwenye daftari la meli waliandika kwa wino mweusi:
Wachochea makaa, sita.
Sita. Kama magunia.
Saba, nane, tisa.

Siku ile walikuwa wamebeba majeruhi kutoka Lindi.
Karibu na Msimbati kitu kiligonga ubavu,
bomu au mwamba, hakuna aliyerudi kuuliza,
na maji yakaingia miguuni mwa wachochea makaa
kama mgeni asiyepiga hodi.
Bwela lilikuwa limejaa mvuke.
Maji baridi yakilifikia kabla mvuke haujatolewa,
hakuna majeruhi, hakuna mashua, hakuna kitu.
Vali ya kuutoa ilikuwa na mizunguko arobaini na miwili.
Kila mchochea makaa aliijua hesabu ile
kama ajuavyo rakaa.

Serahangi akapiga kelele: Wote juu!
Babu alimsukuma kijana wa zamu yake, Chilumba,
akamkanyagisha kipandio cha kwanza cha ngazi.
"Panda. Mimi namalizia hapa,"
kwa sauti ya mtu anayefunga duka.
Maneno yake ya mwisho ndiyo hayo.
Sikuyapamba. Hata Chilumba hakuyapamba
alipokuja Mikindani miezi minne baadaye
na kitambaa cha jasho cha babu
kimekunjwa ndani ya bati la biskuti.

Gurudumu lilikuwa linalia, alimwambia bibi.
Kila mzunguko, mlio mmoja.
Nilihesabu nikipanda. Nilihesabu sitahani.
Nilihesabu waliponitupa mashuani
juu ya mtu aliyekatika mguu.
Nikafika thelathini na nane.
Kisha makasia yakaanza, sikusikia tena.

Meli haikulipuka.
Ilizama kimya, omo kwanza,
watu sitini na mmoja wakiitazama.

Wahenga husema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Yeye tezi hakwenda, omo hakwenda.
Alianzia ngamani.

Miaka yote iliyobaki, bibi Somoe
hakuruhusu mtu kutia mafuta bawaba za mlango wake.
Mlango ulilia alfajiri, ulilia usiku,
majirani wakamcheka, kisha wakazoea.
Nikiwa mtoto nilimwona amesimama kizingitini,
anaufungua, anaufunga, midomo inacheza.
Nilidhani anasoma uradi.
Mara nne tu. Kisha anakwenda kulala.

Ishirini na sita. Kiganja kimechubuka,
na hapa hakuna maji, taa inawaka,
fundi mkuu ananisubiri juu na chai ya tangawizi.
Thelathini na moja, gurudumu limegota.
Imefunguka yote. Ni vali ndogo, ya pampu tu.
Yeye alikuwa bado na kumi na moja,
na maji yamefika wapi wakati huo? Kifuani?

Naipaka grisi. Naifunga, naifungua, naipaka tena,
mpaka izunguke kwa kidole kimoja, isitoe hata mlio,
ili atakayebaki humu siku moja
aiwahi ngazi.

Bibi angenigombeza.